Joseph Thomson: mtoto wa mchonga mawe aliyepita Uhehe akisoma miamba

Ukienda mbuga za Serengeti utaonyeshwa swala mdogo mwenye mstari mweusi ubavuni, na mwongoza watalii atakuambia huyo ni swala tomi. Wengi tunalitaja jina hilo bila kujiuliza limetoka wapi. Limetoka kwa Joseph Thomson, Mskochi aliyefariki mwaka 1895 akiwa na miaka 37 tu.

Wasikilizaji wetu wa Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe wana sababu ya kumjua kuliko wengine. Kabla hajafika nchi ya Wamasai, Thomson alipita kwetu kwa miguu, kupitia Uhehe na Ubena hadi Ziwa Nyasa. Na hakuja kama mmisionari wala mfanyabiashara. Alikuja kama mwanajiolojia, yaani mtu anayesoma mawe.

Katika makala haya tunaeleza maisha yake, na pia jambo ambalo wasikilizaji hutuuliza mara kwa mara: mtaalamu anajuaje kwamba tabaka hili la mwamba lina miaka milioni 25 na lile lina milioni 100? Mambo haya mawili yanakwenda pamoja, kama mtakavyoona.

Mtoto wa machimbo

Thomson alizaliwa tarehe 14 Februari 1858 katika kijiji cha Penpont, kusini mwa Scotland. Baba yake alikuwa fundi wa kuchonga mawe. Baadaye familia ilihamia Gatelawbridge, ambako baba alikuwa na machimbo ya mawe mekundu ya mchanga, yale yanayokatwa kwa kujengea nyumba.

Kijana akakulia humo. Mawe mekundu ya mchanga yana siri yake: hutokea kwa tabaka, moja juu ya lingine, kama mikeka iliyorundikwa. Tabaka la chini lilitandikwa kwanza, la juu likafuata. Mtu anayekata mawe kila siku huona mpangilio huo hata kama hajasoma kitabu.

Thomson alisoma pia vitabu. Alikwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, akafundishwa jiolojia na Archibald Geikie na elimu ya viumbe na Thomas Huxley, wawili waliokuwa na jina kubwa Uingereza wakati huo. Mwaka 1878, akiwa na miaka 20, alisikia kwamba Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kinapeleka msafara Afrika Mashariki. Akaomba, akachukuliwa kama mwanajiolojia na mtaalamu wa viumbe. Kiongozi wa msafara alikuwa mchora ramani, Keith Johnston.

Kiongozi anafariki njiani

Msafara uliondoka Dar es Salaam mwezi Mei 1879 ukiwa na watu wapatao 150. Mkuu wa wapagazi alikuwa James Chuma. Jina hili nalo lisisahaulike. Chuma ndiye yeye na Susi na wenzao walioubeba mwili wa Livingstone kutoka Chitambo, katika Zambia ya leo, hadi Bagamoyo. Alijua njia, alijua lugha, na alijua namna ya kuzungumza na machifu.

Mwezi mmoja na siku chache baadaye, tarehe 28 Juni 1879, Johnston alifariki kwa ugonjwa wa kuhara damu mahali panapoitwa Behobeho, ndani ya eneo ambalo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Thomson akabaki na uamuzi wa kufanya. Alikuwa na miaka 21. Hakuwahi kuongoza msafara wowote. Angeweza kurudi pwani, na hakuna ambaye angemlaumu. Akaamua kuendelea.

Hapa tuseme ukweli: kuendelea kwake kuliwezekana kwa sababu ya Chuma na wapagazi. Kijana wa miaka 21 asiyeijua nchi hawezi kuvusha watu zaidi ya mia moja kwa uamuzi wake peke yake.

Kupitia Uhehe na Ubena

Wakapanda nyanda za juu. Uhehe wa wakati huo ulikuwa dola yenye nguvu iliyojengwa na Munyigumba, baba yake Mkwawa, ambaye alifariki mwishoni mwa miaka hiyo ya 1870. Thomson alipita bila vita. Sifa iliyomfuata maisha yake yote ni kwamba alipendelea kusubiri, kutoa zawadi na kuzungumza kuliko kufyatua bunduki. Katika safari hii nzima, mbali na Johnston, alipoteza mpagazi mmoja tu. Kwa misafara ya zama zile, hiyo ilikuwa hesabu ya ajabu.

Njiani alitazama miamba. Mtu wa Iringa anaijua miamba ya kwao, kama lile jiwe kubwa la Gangilonga pale mjini. Ni miamba migumu ya kale sana, iliyopikwa kwa joto na mgandamizo chini ya ardhi. Ndani ya miamba ya namna hiyo huwezi kupata kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe yaliyogeuka jiwe. Umri wake hausomwi kwa mabaki ya viumbe hata kidogo.

Kutoka Ubena wakashuka hadi ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa mwezi Septemba 1879, katika nchi ya Wanyakyusa. Huko mawe yanabadilika. Kuna mawe ya volkano ya Rungwe, na upande wa magharibi, kuelekea mto Songwe na Kiwira, kuna miamba tabaka, ile iliyotokana na mchanga na tope vilivyotuama majini zama za kale. Ndani ya miamba tabaka hiyo kuna makaa ya mawe. Thomson alipita si mbali nayo akielekea Ziwa Tanganyika. Mkumbuke jambo hili, tutalirudia.

Maziwa mawili na swali moja

Mwanzoni mwa Novemba 1879 akafika ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika. Kulikuwa na ubishi Ulaya. Cameron alikuwa amesema mto Lukuga unatoa maji ziwani kwenda magharibi. Stanley akasema maji hayatoki. Thomson alimwacha Chuma na kundi kubwa kambini, akachukua watu wachache, akatembea ukingo wa magharibi hadi Lukuga. Alikuta maji yanatoka kwa kasi. Ubishi ukaisha.

Alikusanya pia makombe ya konokono wa ziwa hilo na kuyapeleka London. Mmoja wao mpaka leo anabeba jina lake katika vitabu vya wataalamu. Makombe hayo yalizua mjadala mkubwa. Yalikuwa mazito na yenye miiba, mfano wa makombe ya baharini. Mtaalamu mwingine Mwingereza, J. E. S. Moore, akaja mara mbili ziwani katika miaka ya 1890, akayalinganisha na visukuku vya bahari vya zama za dinosaria, kisha mwaka 1903 akachapisha kitabu akidai Tanganyika ni kipande cha bahari ya kale kilichobaki bara.

Alikosea. Leo inajulikana kwamba ziwa hilo lina umri wa miaka milioni 9 hadi 12, nalo lilitokana na kupasuka kwa Bonde la Ufa. Konokono wake walijenga makombe mazito humo humo ziwani, ambamo kuna kaa wenye nguvu ya kuyavunja. Kufanana na kiumbe cha kale si ushahidi wa ukale. Hili ni onyo la kwanza kwa kila anayesoma umri wa mwamba kwa kutumia mabaki ya viumbe.

Wakati wa kurudi, mwaka 1880, akiwa upande wa Ufipa, Thomson aliliona Ziwa Rukwa likiwa chini bondeni. Akaliita Leopold. Jina hilo halikudumu. Wafipa, Wawungu na wenyeji wengine walikuwa na jina lao tangu zamani, na ndilo lililobaki.

Makaa ya Sultani

Sasa tufike pale ambapo elimu ya mawe ilimgharimu Thomson.

Mwaka 1881 Sultani Barghash wa Zanzibar alimwita. Sultani alikuwa na meli za mvuke, na meli hizo zilikula makaa ya mawe yaliyoletwa kutoka ng'ambo kwa gharama. Tangu siku za Livingstone kulikuwa na habari kwamba kando ya mto Ruvuma kuna makaa. Kama yapo, Sultani angekuwa na nishati yake mwenyewe na mali ya kutosha. Thomson akapewa kazi ya kwenda kuyaangalia.

Alikwenda, akachimba, akatazama. Kilichokuwepo kilikuwa mwamba wa tope mweusi wenye mafuta kidogo ndani yake. Kwa macho unafanana na makaa. Ukiuweka motoni unatoa moshi na mwako kidogo, lakini hauwezi kuendesha meli. Thomson akarudi Zanzibar na kumwambia Sultani kwamba makaa hayapo.

Habari hiyo haikumfurahisha Barghash. Mtu mwingine angeweza kulainisha maneno, akasema labda yapo chini zaidi, akalipwa mshahara wa mwaka mwingine. Thomson hakufanya hivyo. Kazi yake kwa Sultani ikaishia hapo.

Na tazameni mambo yalivyo. Makaa halisi yalikuwepo kusini mwa nchi hii, lakini katika miamba mingine: Kiwira na Songwe, na Mchuchuma na Ketewaka kule Ludewa. Katika miaka ya 1890 Mjerumani Wilhelm Bornhardt ndiye aliyeyachunguza makaa ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Thomson alikuwa amepita jirani nayo miaka miwili kabla ya Sultani kumwita.

Chavua: saa ndogo ndani ya jiwe

Mwamba mweusi wa aina moja unafananaje na mwingine, na unautofautishaje? Njia mojawapo ni kujua umri wake. Makaa yetu ya kusini yako katika miamba inayoitwa ya Karoo, ambayo tabaka zake za makaa zina umri wa kati ya miaka milioni 250 na 300. Mwamba ukiwa wa umri huo, mtafutaji ana sababu ya kuendelea kuchimba. Ukiwa wa umri mwingine, anaokoa fedha zake.

Umri huo unasomwaje? Kila mkulima ameona unga wa njano unaoruka mahindi yanapochanua. Hiyo ni chavua. Kila aina ya mmea ina chavua ya umbo lake, nayo ina ganda gumu sana. Ikianguka kwenye tope la bwawa na kufunikwa upesi, ganda hilo hudumu hata miaka milioni mia kadhaa.

Mtaalamu huchukua kipande cha mwamba, hukisaga, hukiyeyusha kwa tindikali kali inayokula mawe lakini isiyokula ganda la chavua. Masalio huyatazama kwa hadubini. Kwa kuwa mimea imekuwa ikitokea na kutoweka kwa nyakati zinazojulikana, mchanganyiko wa chavua unamwambia tabaka hilo ni la wakati gani. Makaa ya Ketewaka yamepimwa kwa njia hii.

Kule pwani, Kilwa na Lindi, kazi hiyo hufanywa na viumbe wadogo wa bahari waitwao foraminifera, wenye makombe madogo kama punje ya mchanga. Udongo wa huko umeyahifadhi vizuri kiasi kwamba wataalamu wa dunia nzima huja kuyachukua. Kwenye kisima cha gesi hii ni faida kubwa. Mfupa wa dinosaria hautapita kwenye bomba la kuchimbia, bali kiganja kimoja cha vumbi la mwamba kinaweza kuwa na mamia ya makombe haya.

Ubishi wa mawe mekundu ya Songwe

Njia hii ina mipaka yake, na mfano mzuri uko kwetu.

Upande wa kusini wa bonde la Rukwa, katika maeneo ya Songwe na Galula, kuna miamba mekundu ya mchanga. Inafanana na ile ya machimbo ya baba yake Thomson. Mwekundu huo unatokana na chuma kilichoshika kutu, na hali ile ile inayotia kutu huharibu chavua. Kwa hiyo miamba ya namna hii ni migumu kuisoma.

Mwaka 1987 kampuni ya mafuta ya Amoco ilichimba visima viwili, Ivuna na Galula. Mafuta ya kuuza hayakupatikana, lakini vipande vya mwamba vilivyotolewa vilichunguzwa. Waliosoma chavua humo walisema miamba mekundu ni michanga, ya miaka milioni chache tu. Wengine wakasema hapana, ni ya zama za dinosaria. Tofauti haikuwa ndogo: ilikuwa karibu miaka milioni 100. Na kisima kina hatari yake, kwa kuwa vumbi la tabaka la juu linaweza kuporomoka na kuchanganyika na la chini, chavua mpya ikasomwa kama ya mwamba wa kale.

Ubishi ulipatiwa jibu katika miaka ya 2000, pale wanajiolojia na wataalamu wa visukuku wakiwemo Eric Roberts, Patrick O'Connor na Nancy Stevens, pamoja na Watanzania kama marehemu Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipotembea mabonde hayo tabaka kwa tabaka. Waligundua kwamba mawe yanayofanana kwa rangi ni ya makundi mawili. La chini, lililopewa jina la Galula, ni la zama za dinosaria. La juu, lililopewa jina la Nsungwe, lina umri wa kama miaka milioni 25. Kundi la Nsungwe lina majivu ya volkano yenye chembe ndogo za zirkoni, ambazo umri wake hupimwa kwa kuoza kwa urani iliyomo. Majivu yakathibitisha kile ambacho chavua peke yake haikuweza kukimaliza.

Kutoka tabaka la Galula walitoka dinosaria Rukwatitan, aliyetangazwa mwaka 2014, na Shingopana, aliyetangazwa 2017, jina ambalo Mswahili yeyote analielewa. Humo pia alipatikana mamba mdogo mwenye meno kama ya paka, Pakasuchus kapilimai, aliyepewa jina la heshima la Kapilima mwaka 2010. Kutoka Nsungwe alitoka Rukwapithecus, aliyetangazwa 2013, mmoja wa sokwe wa kale zaidi wanaojulikana duniani.

Mwisho wa Thomson

Tumrudie mtu wetu. Mwaka 1883 na 1884 alivuka nchi ya Wamasai hadi Ziwa Viktoria, safari iliyompa jina kubwa kuliko zote. Swala tomi alipata jina lake huko, na maporomoko ya Nyahururu nchini Kenya yaliitwa kwa jina lake muda mrefu. Alirudi akiwa amejeruhiwa na nyati na kudhoofishwa na kuhara damu. Mwaka 1885 alipewa nishani na Chama cha Kifalme cha Jiografia.

Baada ya hapo maisha yake yalikuwa na upande ambao hatuwezi kuuficha. Mwaka 1885 alikwenda Sokoto kutafuta mkataba kwa ajili ya kampuni ya biashara ya Waingereza. Mwaka 1890 aliajiriwa na kampuni ya Cecil Rhodes kwenda Katanga kumtia Msiri katika mkataba. Ndui iliingia kwenye msafara, akarudi bila kufika. Mtu aliyepita Uhehe kwa maneno mazuri alikuwa sasa anafungua mlango kwa waliokuja kuchukua nchi. Upole wake ni wa kweli, na matokeo ya kazi yake ni ya kweli pia.

Afya yake haikurudi tena. Alifariki London tarehe 2 Agosti 1895, akazikwa kwao Scotland. James Chuma alikuwa ametangulia, Zanzibar, mwaka 1882.

Tunachojifunza

Thomson hakujua umri wa miamba aliyoikanyaga. Vifaa vya kuijua havikuwepo. Lakini alifanya mambo mawili ambayo kila mpima miamba wa leo anatakiwa kuyafanya: alikwenda mwenyewe kuona, na alisema alichokikuta hata mbele ya mwenye nguvu aliyetaka kusikia kingine. Siku hizi watafuta madini hupita vijijini kwetu wakiwa na ahadi nyingi. Ni haki ya mwanakijiji kuuliza: mmepima nini, kwa njia gani, na nani mwingine amethibitisha?

Na wewe msikilizaji wa Songwe, Mbozi, Chunya au Ludewa, ukilima au ukichimba kisima ukakuta jiwe lenye umbo la mfupa, jino, jani au kombe, usilivunje na usiliuze. Visukuku vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Liache pale pale, weka alama, mwambie mtendaji wa kijiji. Jiwe lililong'olewa mahali pake hupoteza nusu ya habari zake, kwa kuwa tabaka lilimolala ndilo linaloeleza umri wake.